Waadhi Peke Yake Hautoshi Kuvunja Ada



Kila Ramadhani twausikia waadhi juu ya tumbaku na miraa, twalia, kisha Idi yaingia nasi twarudi tulikokuwa. Je, waadhi ulikuwa mchache? La! Lililopungua ni jingine.

Alikuwapo mtaalamu wa elimu ya nafsi, Kurt Lewin, aliyehama Ujerumani mwaka 1933 akenda Marekani. Wakubwa wa makampuni mpaka leo hutumia maneno yake wanapotaka kugeuza mwendo wa kazi zao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, yeye na wenziwe walijaribu kuwazoeza kina mama wa huko kupika moyo na figo za ng'ombe, vitu walivyovidharau. Katika waliohutubiwa tu, waliopika kitu wasichopata kukipika ni 3 katika 100. Katika waliokaa wakajadiliana, kisha wakaazimia pamoja, ni 32 katika 100.

Tena alifundisha kuwa kuondoa kizuizi mara nyingi kwafaa kuliko kuongeza msukumo. Mwenye kula miraa usiku akaikosa Alfajiri hakosi kujua fadhila za Sala. Kinachomfunga ni baraza, na marafiki, na usiku mrefu usio na shughuli. Umemkemea yeye, baraza hukuigusa.

Na sisi tuna lililo kubwa zaidi. Tazameni khamri ilivyoharimishwa. Katika Al-Baqara (2:219) watu walifahamishwa kuwa dhambi yake yashinda manufaa yake. Katika An-Nisaa (4:43) wakakatazwa kuikaribia Sala hali wamelewa, na nyakati za Sala zikaubana ulevi mchana na usiku. Kisha katika Al-Maida (5:90) mlango ukafungwa, khamri ikamwagwa katika njia za Madina. Hapana aliyeachwa peke yake na nafsi yake; mji mzima uliacha pamoja.

Asije mtu akasema, "Nami basi naacha polepole." Sharia imekwisha kutimia, na haramu ni haramu leo. Taratibu ni ya dawa, si ya hukumu.

Basi katika darsa yetu, badala ya hutuba moja zaidi, wakae watu watano watano baada ya Isha. Kila mmoja aazimie kuacha ada moja, si kumi (wala hapana haja ya kufichua alilositiriwa na Mwenyezi Mungu). Baraza lihamie karibu na msikiti, kahawa iwepo, na mazungumzo yakome saa nne. Atakayetangulia kuamka Alfajiri ambishie mwenziwe mlango.