Mwenye Nyumba na Mwivi



Katika Matayo 6:19 Bwana Yesu anasema habari za wevi, na neno lililoandikwa kwa Kiyunani maana yake ni kutoboa kwa kuchimba. Kwani kuta za nyumba nyingi za nchi ile zilikuwa za udongo. Sisi nasi tunaojenga kwa fito na udongo twaijua hila hiyo. Basi tuzibe nyufa, tutie komeo, tufyeke majani yaliyo karibu na dirisha. Kufanya hivi si kukosa imani. Mungu hutulinda, wala hakutukataza kufunga mlango.

Lakini komeo peke yake halitoshi. Usiku mmoja tulisikia yowe la jirani, tukanyamaza kitandani kwa hofu hata kukacha. Asubuhi tulimkuta mjane yule ameketi penye tundu la ukuta, tukaona haya. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther afundisha ya kuwa amri ya saba haikatazi wizi tu, bali yatuagiza kumsaidia jirani kuilinda mali yake. Tuliivunja amri pasipo kuiba kitu.

Tena tuiangalie mikono yetu. Kutoka 22 hupambanua mwivi apigwaye akivunja nyumba gizani, na yule auawaye jua limekwisha kuchomoza: damu ya huyu wa pili ina hatia. Mwivi akikamatwa, tumpeleke kwa wenye hukumu, tusimpige hata kufa.

Tuifunge milango yetu kila jioni; lakini jirani akilia, tuifungue.