Kosa la Mama, au la Maji?

Jirani yangu hapa Kisauni alirudi kliniki akilia. Mtoto wake wa miezi 14 alikuwa amepimwa mkono kwa ule utepe, ukasoma nyekundu: chini ya sentimita 11.5. Nesi akamuuliza, "Kwani huyu mtoto humlishi?"

Humlishi! Vyumba vyetu vinashiriki ukuta. Kila alfajiri nasikia mwiko ukigonga sufuria ya uji. Mtoto anakula, ila wiki mbili haziishi kabla hajaharisha tena.

Niliacha chuo kikuu lakini sikuacha kusoma, basi nikatafuta. Mtoto akiharisha, hamu ya kula hupotea na utumbo haunyonyi chakula vizuri. Akikonda, kinga ya mwili hushuka, na akiharisha tena anaugua zaidi. Kimoja kinamwita mwenzake.

Hapo ndipo tunapotafuta wa kulaumiwa. Nyanya yangu Mgiriama angesema ni chirwa: mtoto anakonda kwa sababu mzazi amezini. Sisi watoto wa mjini tunamcheka, halafu tunasema "uzembe wa mama". Jina limebadilika, hukumu ni ile ile.

Lakini hebu fuata uji ule mpaka kwenye maji yake. Mfereji wa ploti hukauka siku nyingi. Mama ananunua mtungi wa lita 20 kwa mkokoteni, au anateka kisimani, hatua chache kutoka choo cha shimo. Kuchemsha kunataka makaa, na pesa ya makaa ndiyo hiyo hiyo ya maziwa. Uzembe uko wapi?

Sisemi mama hana wajibu. Kunawa mikono kwa sabuni ni juu yake. Lakini huwezi kumdai mtu kwa asichokiweza, ukamsamehe anayekiweza. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha.

Kliniki walimpa ORS na vile vipakiti vya njugu. Ni vizuri, vinaokoa watoto. Ila anarudi navyo kwenye kisima kile kile.

Na choo kile? Ni cha ploti nzima. Natumia pia mimi, mwaka wa tatu sasa, na sijawahi kumuuliza landilodi hata siku moja kwa nini kiko karibu na kisima. Nilikuwa naona hayo ni mambo ya wenye watoto.