Je, Volkano Ni Adhabu ya Mungu?

Tchegera ni kisiwa kidogo cha Ziwa Kivu, karibu na mji wa Goma nchini Kongo, chenye umbo la mwezi mwandamo. Umbo hilo ni ukingo wa kasoko. Mwamba ulioyeyuka ulipopanda na kukutana na maji, maji yaligeuka mvuke ghafla, mwamba ukapasuka, na majivu yake yakaanguka kwa duara. Upande mmoja wa duara umezama; uliobaki ndio kisiwa.

Juu ya ziwa hilo umesimama mlima wa volkano wa Nyiragongo, mita 3,470. Lava yake ina silika kidogo mno, kwa hiyo hutiririka haraka kuliko lava ya milima mingi. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilimwagika lote kwa muda usiozidi saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma hadi ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena usiku, watu zaidi ya 30 wakafa. Hata mlima unapotulia, kuna mazuku: hewa ya kaboni dioksidi inayojikusanya mabondeni na kuua bila harufu wala moshi.

Wazee wa imani ya jadi ya Ryangombe walisema roho za wasioingizwa katika ibada hiyo huenda kuteseka ndani ya Nyiragongo. Leo wapo wahubiri wanaotaja dhambi za mji. Fikra ni ileile: moto humtafuta mkosaji. Lakini lava ya mwaka 2002 iliteketeza pia kanisa kuu la Goma, na mawe yake yakafunika nyumba za wacha Mungu na za walevi bila kuchagua. Lava hufuata mteremko na nyufa za ardhi. Injili ya Luka, sura ya 13, inawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu; Yesu anakataa kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Anayehubiri adhabu mbele ya wafiwa wa Goma ana deni la kuisoma sura hiyo.

Mji wa Kisangani, kilomita 500 hivi kutoka Goma, imejengwa juu ya miamba ya kale isiyo na volkano. Hata hivyo, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huo, na makombora zaidi ya 6,000 yakaua mamia ya raia. Hapa ndipo wanafalsafa wanapotenganisha ubaya wa maumbile na ubaya wa watu. Mlima haukukusudia kitu. Aliyepiga kombora alikusudia. Kuviita vyote viwili mapenzi ya Mungu ni kumfichia mwuaji uso.

Mpaka huo, hata hivyo, haujanyooka. Baada ya tetemeko la Lisbon la 1755, mwanafalsafa Rousseau alimkumbusha mwenzake Voltaire kwamba si maumbile yaliyorundika maelfu ya nyumba ndefu pale. Goma nayo imejengwa upya juu ya lava ileile, na wataalamu wake wa volkano walikuwa wamepungukiwa fedha kabla ya Mei 2021. Sehemu hiyo ya msiba ina wenyewe, na wanapaswa kuulizwa.

Kwa vita vya Kongo, swali hilo limeulizwa: tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe fidia ya dola milioni 325, zikiwamo za madhara ya Kisangani.