Ufa Huu Hauzibwi

Wanangu mnaoendesha punda hapa Lamu, sogeeni niseme tena. Nimeyasema haya hadi nimechoka, nanyi mmechoka kunisikia. Lakini bado naona punda akipita na shehena ya mchanga, kwato zimerefuka na kutanuka mbele, na mwenyewe yu nyuma na fimbo akidhani mnyama amekuwa mvivu.

Mwinueni mguu mtazame chini. Baina ya ukuta mgumu wa nje na wayo kuna mstari wa manjano iliyofifia, huitwa mstari mweupe. Hapo ndipo ukuta na wayo vinaposhikana. Kwa punda mzima mstari huo ni mwembamba na umebana. Mkiuona umetanuka, kijiti kinaingia, na ndani mnatoka unga wa kijivu unaomomonyoka, jueni maradhi yamekwisha ingia. Gongeni ukuta kwa mpini wa kisu: palipoliwa ndani patalia patupu.

Msingojee achechemee. Maradhi haya hula ukuta kwa ndani, kutoka chini kwenda juu, na sehemu yanayoila haina damu wala hisia. Jipu la ukwato huja kwa ghafla, na punda hukataa kukanyaga siku hiyo hiyo. Haya huja kimya, miezi na miezi, tena punda ni mnyama wa kuficha maumivu. Atakapochechemea, huenda ukuta umekwisha uachia mfupa ulioushikilia, na mfupa umeanza kuinama ndani ya ukwato.

Kuvu na bakteria zinazoleta maradhi haya hazitoboi ukwato ulio mzima. Hutafuta mwanya, na mwanya huo mara nyingi tumeufanya sisi. Ukwato ulioachwa ukarefuka huvutwa kwa kila hatua, mpaka ukuta unabanduka. Zizi lenye mkojo na kinyesi huulainisha, masika yakauzidishia, kisha jua likaupasua. Na anayemjaza punda mahindi na pumba kwa kumpenda, anamletea uvimbe ndani ya kwato, na mstari ule hutanuka.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Tumelelewa na methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba ya mawe na chokaa ni kweli. Kwa ukwato ufa huu hauzibwi. Nawaona mkiujaza lami, mkiumiminia oili chafu, mkiukandika hili na lile mpaka shimo lisionekane. Vijidudu hivyo hustawi gizani, penye unyevu na pasipo hewa, nanyi mnavifungia mle mle.

Dawa ya kwanza ni kisu, kwenye mkono wa anayejua. Ukuta wote uliobanduka huondolewa, mpaka afike pale unapokuwa umeshikana barabara. Pengine itaondoka sehemu kubwa hata mkaogopa, lakini damu haitakiwi kutoka. Ikitoka, amepita mpaka. Kisha huachwa wazi, husuguliwa kwa brashi ngumu, hukaushwa. Iodini inaweza kupakwa juu ya palipofunuliwa, lakini haifiki palipofunikwa, hata mkimimina chupa nzima. Baada ya wiki 2 au 3 mkataji arudi, aone kama kuna palipobaki. Ukuta huota chini ya sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo ule wa mbele huchukua karibu mwaka kushuka mpaka chini. Hakuna dawa ya kuuharakisha.

Najua mtaniambia: punda akilala zizini, nyumbani hakuna kitoweo. Sikatai, wanangu, mzigo huo naujua. Ndiyo maana nawasihi kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 8, wakati punda bado ni mzima. Hilo linakula asubuhi moja. Ukuta ukishaoza mtapoteza miezi, na pengine punda mwenyewe. Wala msiseme hapakuwa na wa kuwafunza: The Donkey Sanctuary ilifungua kliniki ya punda papa hapa Lamu mwaka 1987.

Leo jioni, kabla hamjamfunga, inueni kwato zote nne, mzisafishe na mzitazame mmoja mmoja. Mkiona mwanya, msitie kitu ndani yake. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo, na msimbebeshe mzigo mpaka yeye aseme.