Je, Mwenye Nyumba Aweza Kumfukuza Mpangaji kwa Mkono Wake?

Mtu amejenga nyumba kwa jasho lake, akampangisha mwenzake. Miezi mitatu yapita, kodi hailipwi. Ndipo mwenye nyumba ang'oa mlango na kutupa vyombo nje. Majirani husema: «Nyumba ni yake, ana haki.» Je, wasema kweli?

Yafaa kupambanua mambo mawili. Kwanza, kodi ni deni la kweli. Mpangaji awezaye kulipa naye akataa, amwibia mwenzake. Tena mwenye nyumba si tajiri sikuzote. Pengine ni mjane anayekula kwa kodi ya chumba kimoja. Pili, haki ya kudai si haki ya kuhukumu. Mtu mmoja hawezi kuwa mshtaki, mwamuzi na askari katika shauri lake mwenyewe.

Neno hili Afrika Kusini ilijifunza kwa machozi. Mwaka 1955 serikali ya ubaguzi ilianza kuwahamisha kwa nguvu watu weusi wa Sophiatown, mjini Johannesburg, na nyumba zikabomolewa. Karatasi ya sheria ilikuwapo. Kilichokosekana ni haki. Kwa hiyo Katiba ya 1996 yaagiza kwamba mtu asiondolewe nyumbani mwake pasipo amri ya mahakama, iliyotolewa baada ya kupima hali zote.

Sheria ya 1998 ikaonyesha njia. Mapatano ya upangaji yakiisha kuvunjwa kwa halali, na mpangaji akikataa kutoka, mwenye nyumba hupeleka shauri mahakamani. Mpangaji na halmashauri ya mji hupewa barua, siku 14 walau kabla ya shauri kusikilizwa. Mwamuzi huwaangalia wazee, watoto, walemavu, na jamaa zinazoongozwa na wanawake. Akiona ni haki mpangaji atoke, huweka siku. Afukuzaye bila amri hiyo aweza kutozwa faini, au kufungwa hata miaka 2.

Wengine watasema: «Njia hiyo ni ndefu, mwenye nyumba apata hasara.» Ni kweli, na mahakama inayokawia bure yamkosea. Lakini kodi iliyopotea yaweza kulipwa kesho. Mtoto aliyeugua kwa kulala mvuani, nani atamlipa afya yake? Mpangaji naye asiifanye sheria kuwa kichaka cha kujificha. Siku alizopewa ni za kutafuta makao na kulipa deni, si za kukaa bure.

Basi mwenye nyumba adai, mpangaji alipe, mwamuzi aamue. Mmoja akinyakua kazi ya mwingine, haki hugeuka kuwa nguvu tu.