Kifungua Kinywa cha Shambani: Je, Utamu Nao ni Dhambi?



Siku hizi kuna watu wanaolipa pesa nzuri ili tu wale asubuhi shambani. Kule Karatu, kwenye mashamba ya kahawa kama Gibb's Farm, mgeni anakaa barazani, analetewa mayai, mkate na mboga zilizochumwa bustanini hatua chache kutoka mezani pake. Anapiga picha, anasema hajawahi kula vizuri hivi. Simbezi hata kidogo. Ila kijana wa Newala akiziona picha zile kwenye simu anacheka, maana yeye amekula shambani tangu azaliwe na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ile ilikuwa starehe.

Menyu yake tunaijua. Mihogo ya kuchemsha iliyong'olewa jana jioni. Uji wa mtama, au chai ya rangi. Mbaazi za jana zilizopashwa moto, ambazo kwa maoni yangu huwa tamu kuliko zilivyokuwa jana. Ukiwa na bahati, ming'oko iliyochimbwa porini, au korosho zilizochomwa kwenye bati juu ya kuni, bado zina harufu ya moshi, na aliyezibangua vidole vimemwiva kwa mafuta ya ganda. Ukifika mwezi wa kumi hata sahani huhitaji. Unaokota bibo chini ya mkorosho, unaling'ata, maji yanatiririka mpaka kwenye kiwiko. (Usijaribu ukiwa umevaa shati jeupe la kwaya. Doa la bibo halitoki.)

Sasa kijana huyohuyo anapanda basi la Dar. Baada ya mwaka mmoja, ukimuuliza huko kwenu asubuhi mnakula nini, anasema mkate na soseji. Muhogo umekuwa aibu. Na akirudi likizo, bibi yake anajibana akope sukari na unga wa ngano amkaangie maandazi, maana "mgeni" hawezi kupewa mihogo.

Nimeanza na hilo kwa sababu kwenye vikundi vyetu vya vijana swali la chakula huwa tunalijibu haraka mno. Upande mmoja unasema Mkristo asijali tumbo, mtakatifu ni yule anayefunga, na ukisifia chakula unaonekana mtu wa kidunia. Upande mwingine unasema maisha mafupi, kula bata. Wote wawili wangeshangaa wakimsoma Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Anapoeleza fadhila ya kiasi katika Summa Theologiae, anauliza kama mtu asiyetaka raha yoyote ya mwili ana kasoro, na anajibu kwamba ndiyo, anayo. Sababu yake ni rahisi: Mungu ameambatanisha raha na mambo ambayo uhai wetu unayahitaji, kwa hiyo kuikataa raha hiyo bila sababu njema ni kwenda kinyume cha utaratibu wa Mungu mwenyewe. Anayefunga kwa toba ana sababu njema. Anayenuna mbele ya sahani ili aonekane wa kiroho hana.

Halafu anapofika kwenye ulafi anatuongezea kazi. Sisi tukisikia mlafi tunamfikiria anayejaza sahani kwenye harusi. Tomaso, akimfuata Mtakatifu Gregori Mkuu, anataja njia tano: kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama mno, kula kupita kiasi, kula kwa pupa, na kudai chakula kiandaliwe kwa madoido mno. Angalia ya pili na ya tano. Mtu anaweza kuwa mlafi kwa kijisahani kidogo kabisa. Kwa hesabu hii, bibi anayelamba vidole baada ya mbaazi yuko salama kuliko mjukuu anayeusukuma muhogo pembeni kwa kuwa hauna hadhi. Na yule wa kupiga picha mara kumi na mbili mpaka chai inapoa? Nawaachia nyinyi.

Basi utamu si dhambi. Lakini swali halijaisha, maana chakula kina historia kabla hakijafika mdomoni, na huku kwetu historia hiyo huanzia kwenye maji. Uwanda wa Makonde uko juu, udongo wake ni wa kichanga, mvua ikinyesha maji yanazama chini sana. Chemchemi ziko kule chini, miteremko inakoishia. Vizazi na vizazi wanawake wa Newala wameshuka na kupanda na vyombo kichwani. Leo kuna mradi wa maji wa Makonde, na nyumba nyingi zimechimba visima vya kuhifadhi maji ya mvua kutoka kwenye bati, lakini bado kuna miezi ambayo ndoo ya maji ni jambo la kupangiwa bajeti. Wageni wakija tunawapeleka Shimo la Mungu wasimame ukingoni, walione bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Mandhari ni nzuri kweli. Aliyewahi kuupanda mteremko wa namna ile na ndoo ataitazama picha hiyo kwa jicho lingine, na kikombe cha chai pia.

Ndiyo maana napenda alichoandika Papa Fransisko katika Laudato Si' mwaka 2015, namba 227, kuhusu sala ya kabla na baada ya chakula. Anatuomba tuirudie desturi hiyo, na anasema sala hiyo inawatambua pia wale ambao kwa kazi yao tumepata vyakula hivi. Sisi wengi tunasali "kabla" kwa sekunde nne, na "baada" tumeshaisahau kabisa. Sala ya baada ni ngumu zaidi kwa sababu umeshashiba, huhitaji tena kitu.

Nisiishie kwenye shukrani, maana shukrani peke yake inaweza kuwa njia nzuri ya kukwepa haki. Biblia ina mlo mmoja wa shambani ambao natamani tuusome taratibu, Ruthu sura ya 2. Ruthu ni mgeni, mjane, anaokota masazo nyuma ya wavunaji. Kuokota ilikuwa haki yake. Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni. Boazi angeweza kuishia hapo na sheria isingemdai. Lakini wakati wa kula anamwita aje akae pamoja na wavunaji, achovye mkate kwenye siki, na yeye mwenyewe anampa bisi. Ruthu anakula, anashiba, anabakiza. Kile alichobakiza anampelekea mama mkwe wake, Naomi. Kwa hiyo maskini naye ana haki ya kushiba mpaka abakize, na ya kuwa na mtu wa kumbebea.

Sasa linganisha na Mwanzo 25. Esau anatoka porini amechoka, ana njaa, ndugu yake Yakobo amepika dengu. Mahubiri mengi yanamsema Esau, eti aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli. Ni kweli aliidharau, Maandiko yanasema hivyo. Lakini mtazame na mpishi. Ndugu yako anasema ana njaa, wewe una chungu kimejaa, na jibu lako la kwanza ni "uniuzie"?

Vijana wa Masasi na Newala hawahitaji tafsiri ya hapo. Hiyo ni kangomba. Njaa huku huja ile miezi ya mwanzo wa mwaka, wakati pesa ya korosho imeisha na mahindi mapya bado yako shambani. Mama ana watoto na chungu kitupu. Anakuja kijana mwenye pesa kidogo, anampa ya unga leo, na makubaliano ni kwamba msimu ukifika atalipwa korosho, kwa kipimo cha bakuli lake mwenyewe na bei aliyoipanga yeye. Mwezi wa kumi mama anaokota korosho za mikorosho yake, iliyopuliziwa salfa kwa deni, na gunia linaenda kwa mtu mwingine. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza 2007, uliwekwa ili korosho zipite kwenye vyama vya ushirika na kuuzwa kwa mnada, na kangomba imepigwa marufuku. Bado ipo, kwa sababu mnada uko mbali na njaa iko jikoni.

Najua utetezi wake, nimeusikia kwa vijana wema, wa jumuiya kabisa: "Namsaidia. Bila mimi angelala njaa." Yakobo naye angesema hivyohivyo. Msaada unaohitaji njaa ya mwenzako iendelee ili upate faida, hauwezi kuitwa msaada. Sisemi kila mkopo ni dhambi. Ukimkopesha mama gunia la mahindi akakurudishia gunia, au kikundi chenu cha VIWAWA kikaweka akiba ya nafaka wakati wa mavuno kwa ajili ya miezi hiyo, mmefanya kazi ya Boazi.

Tena Masasi ina sababu yake ya kulijali jambo hili. Mwaka 1876 Askofu Steere wa ndugu zetu Waanglikana alifika hapa na watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Unguja. Walikuwa wanaelekea Ziwa Nyasa, wakaishia hapa na kulima. Fikiria asubuhi ya mavuno ya kwanza ya watu ambao mavuno ya mikono yao yalikuwa ya bwana fulani. Isaya 65 inaitaja furaha hiyo kati ya ahadi za mbingu mpya na nchi mpya: kupanda, na matunda yasiliwe na mwingine.

Na kuna kifungua kinywa cha tatu, Yohane 21. Mitume wamevua usiku kucha. Wanafika ufukweni, Yesu Mfufuka amewasha makaa, samaki yuko juu yake, na mkate. Chakula kipo tayari. Hata hivyo anawaambia walete na baadhi ya samaki waliowavua wao. Hakuwahitaji samaki wale. Alitaka jasho la wavuvi liwepo mezani, wale na kazi yao wenyewe pamoja na alichowaandalia, kama tunavyofanya sisi tunapopeleka vipaji altareni, kuku na korosho na mahindi, mbele ya Mungu ambaye hana njaa.

Petro alikuwepo pale kwenye makaa, na kati yake na Bwana lilikuwepo lile jambo la kumkana mara tatu, kwenye moto wa makaa pia. Yesu alikuwa na la kumuuliza. Alingoja mpaka walipomaliza kula.