Nesi Wako Bora Hajaondoka Bado

Kila serikali inapotangaza ajira za kada ya afya, wenye zahanati binafsi nchini Tanzania hukosa usingizi. Nesi hodari, aliyewazoea wagonjwa nao wakamzoea, anaomba, anapata, anaondoka. Bosi anabaki kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana shukrani.

Ndugu yangu, acha maneno hayo, yanakumaliza nguvu. Pensheni ya serikali huwezi kushindana nayo. Lakini yako mengi yaliyo mikononi mwako, na hayo ndiyo humfanya mtu atafute kazi kwingine hata tangazo lisipotoka.

Fuatilia shilingi yako inavyotembea. Saa nane usiku, nesi aliyeunganisha zamu mbili anajaza fomu ya bima. Anaandika malaria, kumbe dawa iliyotoka dirishani ni ya kifua. Au anasahau kumsainisha mgonjwa. Mwisho wa mwezi mfuko wa bima unalikata dai hilo na mengine ya aina yake. Fedha uliyoitegemea haiji, mishahara inachelewa, nesi anakopa nauli, kisha anaaga. Unaajiri mgeni na kumtupia zamu ya usiku bila hata kumwonyesha fomu. Yanaanza upya! Wengi hudhani wana matatizo matatu: watumishi, bima na fedha. Mimi naamini ni tatizo moja, na linakatika pale pale lilipoanzia.

Basi likate. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeshaweka mpaka: saa 45 za kawaida kwa wiki, saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu, likizo ya siku 28 kwa mwaka. Wapo wanaoiona kuwa mzigo kwa mwajiri. Wewe ione kuwa kinga ya fedha zako, maana aliyelala vizuri huandika vizuri. Bandika ukutani ratiba ya zamu ya mwezi mzima, na usiivuruge kwa simu za usiku. Mteue mtu mmoja apitie fomu za jana kila asubuhi, kabla mgonjwa hajasahaulika. Mgeni naye afanye kazi kwanza pembeni ya mzoefu, kuanzia mapokezi hadi dirisha la dawa.

Halafu tarehe ya mshahara. Itangaze, uiheshimu. Fedha ikipungua, waambie mapema, ana kwa ana, wasije wakasikia kwa mlinzi. Watu huvumilia upungufu, dharau hawaivumilii.

Utaweza! Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku tiba ya binafsi ya kibiashara, na mlango haukufunguliwa tena hadi mwaka 1991. Leo uko wazi, na mama mwenye mtoto anayechemka homa usiku anakimbilia kwako kwa sababu uko karibu. Usikubali mlango huo ufungwe na ratiba mbovu.

Kesho asubuhi, benchi likiwa halijajaa, waite wote, mfanya usafi na mlinzi wakiwemo. Weka mezani madai yaliyokatwa mwezi uliopita, uliza kila moja lilikwamia wapi. Usimkaripie mtu. Shika kalamu, andika wanachosema, na kabla hamjatawanyika kila kosa liwe limepata mtu wa kulishughulikia.